Kukata Nguo Zangu Nikiwa Hai

Ukiambiwa una saratani, watu watakuletea matunda. Mimi nililetewa mananasi hadi ng'ombe wakachoka na maganda yake. Hakuna aliyenishauri nifanye nini na mikono yangu wakati wa kungoja, na ugonjwa huu, ndugu yangu, sehemu yake kubwa ni kungoja. Basi nakuandikia wewe ambaye labda umeketi kwenye benchi sasa hivi, mkoba mapajani, ukisoma tangazo la kunawa mikono kwa mara ya kumi ili macho yako yasikutane na ya jirani. Mambo ya damu na seli utaelezwa na daktari. Mimi nitakueleza habari ya blanketi la viraka, kwa kuwa nusura livunje nyumba yangu.

Naitwa Peninah. Naishi Dundori, juu ya Nakuru, mahali ambapo baridi haibishi hodi. Tunalima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mume wangu ni Karanja. Mama yake, ambaye sote twamwita Shosho, ana nyumba yake ndogo humu humu bomani, karibu na jikoni kwangu. Binti yangu wa kwanza, Wambui, ana jina la Shosho kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo tangu zamani Shosho hunitania kwamba mimi ni mama yake. Huja asubuhi na kikombe mkononi na kuniambia, "Mama, mtoto ana kiu." Nami humjazia chai.

Uvimbe niliukuta nikioga, kiangazi kile kinachofuata Krismasi, titi la kushoto. Nilijiambia ni magunia niliyobeba wakati wa mavuno. Nilijiambia hivyo wiki nyingi, maana uongo wa kujidanganya mwenyewe hauhitaji shahidi. Nilipoenda hospitali hatimaye, walikata kipande kidogo kikapelekwa kupimwa, na siku ya majibu Karanja alivaa koti analolivaa kwenye harusi za watu. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema nitapewa dawa ya dripu mara sita ili uvimbe unywee, halafu nifanyiwe upasuaji.

Karanja aliuliza swali moja tu. "Na akimaliza hiyo yote, atapona?"

"Tuanze, mzee," daktari akasema. "Tuone."

Neno hilo "tuone" nililibeba mpaka nyumbani. Nililala nalo, nikaamka nalo. Ningemsamehe daktari yule kama angenidanganya.

Sasa nikueleze kitu kuhusu mama yangu, bila hicho hutanielewa. Alifariki miaka mingi iliyopita. Baada ya mazishi nguo zake zilitolewa zigawanywe, kama kawaida kwetu. Zilimwagwa kitandani, shangazi zangu wakazunguka kile kitanda wakizipima mabegani, mmoja akanusa kwapa la gauni na kulirudisha. Nilisimama mlangoni nikiwatazama kwa hasira. Shosho, aliyekuja kutuombolezea kama mkwe, alitoka humo ndani na sweta ya kijani ya mama yangu. Anaivaa mpaka leo. Kila asubuhi ya baridi, na Dundori kila asubuhi ni ya baridi, nimemjazia chai mwanamke aliyevaa sweta ya mama yangu, na sikuwahi kumwambia neno.

Kwa hiyo nilipoambiwa "tuone", jambo la kwanza nililoliona ni kitanda changu na watu wamekizunguka.

Kushona mablanketi ya viraka nilijifunza katika kikundi cha akina mama kanisani. Cherehani yangu ni ndogo, ya umeme, ya kuweka mezani. Mashine ya namna hiyo haiwezi kumeza blanketi zima; ukilikunja ulipitishe chini ya mkono wake linakwama, na ukivuta sindano inavunjika. Kwa hiyo unashona kipande kwa kipande. Kila kipande ni kama ukubwa wa meza ndogo ya sebuleni: juu viraka, katikati blanketi jepesi lililochakaa, chini shuka. Unazibana tabaka tatu kwa pini, unazishona pamoja, halafu unaanza kipande kingine. Muhimu ni kwamba kingo huziachi zikiwa zimefungwa. Unaziacha wazi, maana hizo ndizo zitakazoshikana na za jirani yake siku ya kuunganisha.

Mimi nilizifunga. Niliamua kushona kipande kimoja kwa kila dawa, kutoka kwa magauni yangu mwenyewe, na kila kipande nikakipinda kingo pande zote nne kikawa kimekamilika. Nikifa baada ya dawa ya pili, nilijiambia, kutakuwa na vijiblanketi viwili vyenye wenyewe, na hakuna atakayenusa kwapa la gauni langu. Cha kwanza kilikuwa cha Wambui. Cha pili cha mdogo wake aliyeolewa Molo. Cha tatu cha Karanja. Sikumwambia mtu.

Dawa ya kwanza niliipata watu wakipanda viazi vya mvua ndefu. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao na dirisha moja lisilofungika vizuri. Utaratibu ni huu: unatolewa damu asubuhi, unaketi, unangoja waone kama damu yako inatosha kustahimili dawa. Muuguzi akikuita jina kutoka mlangoni, ni heri. Akija mwenyewe mpaka ulipo na kuchuchumaa mbele yako, ujue damu imekukana na utarudishwa nyumbani. Ukikaa pale siku moja tu utajifunza kuogopa magoti ya muuguzi kuliko sindano yake.

Nilikaa karibu na mwanamke mnene aliyevaa kofia ya sufi, ametoka Molo. Aliitwa Mama Chebet. Alinitazama nilivyoukumbatia mkoba wangu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Dundori."

"Ooh, pole. Huko ndio watu wanaita vile vitu vidogo viazi?"

"Angalau vyetu havigandi vikiwa shambani," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Watu wakageuka. Tangu siku hiyo tulitafutana kwenye mabenchi yale, na aliyefika kwanza alimwekea mwenzake nafasi kwa leso. Yeye ndiye aliyenifundisha kunyonya vipande vya barafu dawa ikiingia, ili mdomo usiwe na vidonda. Ukipata mtu wa namna hiyo, mshike.

Mwili ulibadilika kwa zamu. Nywele zilinyonyoka baada ya dawa ya kwanza, zikabaki kwenye mto, nikamwambia Karanja azinyoe zote. Alininyoa nje kwenye jua kwa uangalifu mkubwa, kama anayemnyoa mtoto, na alipomaliza akaingia zizini akakaa huko muda mrefu ingawa ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Harufu ya maziwa yanayochemka ikanigeuka. Mimi, mke wa mfugaji, nikawa nakimbia maziwa. Kisha ganzi ikaanza kwenye vidole vya miguu, ikapanda kidogo kidogo, mpaka nikawa nakanyaga sakafu kama imefunikwa sponji.

Lakini kila baada ya dawa kuna wiki moja mwili hukuachilia. Wiki hiyo nilikata gauni na kushona. Nikishona nilikuwa na hofu, lakini hofu yenye kazi.

Shosho alinikuta nikiwa kwenye kipande cha tatu. Mvua ilikuwa imepungua na ukungu wa mwezi wa sita umeanza kushuka. Nilikuwa nimetandaza mezani gauni la zambarau nililovaa siku ya ruracio ya Wambui, siku wakwe walipomletea mahari, na mkasi ulikuwa umefika kiunoni. Alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Unakata nguo ya ruracio?"

"Hainitoshi tena, Shosho. Nimekonda."

"Si unaweza punguza?" Aliingia, akavitazama vile viwili vilivyokwisha. Akavigusa. "Nguo za mtu zinatolewa hivi akiwa ameenda. Nani ameenda hapa?"

Aliweka kikombe mezani bila kuomba chai, akatoka.

Jioni Karanja alirudi kutoka shambani na matope magotini. Hakunawa. Alichukua kimoja cha vile vipande, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kingo zake pande zote nne. Mtu akiishi na fundi miaka mingi hujua kazi yake hata kama hawezi kuifanya.

"Zile zingine zote ulikuwa unaacha hapa kando wazi," akasema. "Hizi mbona umefunga?"

"Ni staili mpya."

"Peninah."

Nikakata uzi uliokuwa ukining'inia.

"Ni za nani?"

Nikaanza kukusanya pini mezani.

"Yangu ni gani?"

Nilikionyesha kile kilichokuwa bado kwenye mashine. Karanja si mtu wa kelele. Lakini siku hiyo alipaza sauti mpaka mbwa akabweka nje.

"Mimi sitaki! Unasikia? Sitaki kitu ya kukukumbuka na wewe uko hapo unakunywa uji!"

Alikusanya magauni yote yaliyobaki kabatini, akayatia kwenye sanduku la bati, akafunga kwa kufuli la stoo ya viazi, na ufunguo akautia mfukoni. Nilibaki na nguo za kazi na gauni moja la kwendea hospitali. Ningecheka kama nisingekuwa nalia. Kesho yake Shosho hakuja kwa chai. Tulipokutana uani aliniita Peninah, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu Wambui azaliwe. Nyumba ikawa kimya kabisa. Wambui alipanda kutoka Nakuru mwisho wa wiki, akakaa kati yetu akigawa chakula na kuzungumza habari za hali ya hewa, maskini, kama mgeni aliyekosea mlango.

Katikati ya ukimya huo ndipo ikafika siku ya dawa ya nne. Jirani yetu Ndegwa, anayepeleka maziwa mjini kwa pikapu, alituteremsha mapema. Nilitolewa damu, nikaenda kwenye benchi letu, nikatandika leso kumwekea Mama Chebet nafasi. Hakuja. Watu wakajaa, mmoja akaniomba asogeze ile leso, nikamwambia kuna mtu. Akaomba tena. Nikamwambia kuna mtu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda.

Kisha muuguzi akatoka mlangoni. Hakuita jina. Alitembea kati ya mabenchi akiwa na karatasi yake, nami nikawa naomba aende kwa mwingine, Mungu anisamehe, yeyote mwingine. Akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mathe, leo damu iko chini sana. Hatuwezi kukupatia. Kula vizuri, urudi next week tujaribu."

"Na huyu wa Molo? Mama Chebet?"

Alitazama ile leso. "Sijamuona leo," akasema, akainuka.

Njiani kurudi, nikiwa katikati ya Ndegwa na mume wangu, nilisema bila kumgeukia yeyote, "Mimi sirudi huko tena." Ndegwa akakaza macho barabarani. Tulipofika, Karanja akatangulia kuingia ndani. Hapo alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani kando ya bakuli la sukari.

"Kama hurudi, hiyo ni yako. Kata zote. Ukibadilisha mawazo, nirudishie."

Akaenda shambani. Afadhali angenipigia kelele.

Mchana ule nililifungua sanduku. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilitoa gauni la kwanza nililoligusa nikaanza kukata bila kupima, kisha nikaketi mashineni. Ganzi ilikuwa imefika kwenye nyayo na sikuweza kusikia pedali. Nilidhani nimeigusa kidogo, kumbe nimeikandamiza yote. Mashine ikanguruma, kitambaa kikakimbia, na sindano ikashuka ikapita kwenye kidole changu cha shahada kando ya ukucha, ikasimama humo humo. Nilipiga ukemi.

Shosho alikuja amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Aliona mara moja. Alichomoa waya ukutani, akaweka mkono kwenye gurudumu la mashine, akalizungusha polepole kuelekea kwangu, na sindano ikapanda ikanitoka. Kisha akachemsha maji, akatia chumvi, akakishika kidole changu ndani ya bakuli kwa nguvu kwa maana nilitaka kukitoa.

"Peninah," akasema, "unaogopa nini?"

"Kugawanywa."

"Ati?"

Nikamwambia. Kitanda, shangazi, lile kwapa la gauni. Nilisema vyote kwa fujo, kamasi zikinitoka, na nilipokwisha kuanza sikuweza kukoma. "Na hata wewe ulichukua. Hiyo! Hiyo umevaa!"

Alijitazama kifuani, kama mtu aliyesahau alichovaa.

"Hii sweta," akasema taratibu, "unajua ni nani alifuma?"

Sikujua.

"Ni mimi. Nilifumia mama yako, nikampelekea siku tulikuja ruracio yako. Hukuona hakuwahi itoa? Siku ile nikaona hao wanawake wanaipimapima. Nikasema hii haiendi kwa mtu hakujua alikuwa anaivaa akienda wapi." Alikigeuza kidole changu majini. "Nikivaa ni kama tuko na yeye hapa. Ulidhani ni ya baridi?"

Miaka yote ile. Nilimtazama yule mwanamke na sweta yake, viwiko vimetiwa viraka. Niliona haya na nilifarijika kwa wakati mmoja, na kidole kilikuwa kinaniuma sana.

"Nguo zikigawanywa, ni nguo," Shosho akaendelea. "Hiyo haina shida, hata zangu zitagawanywa, na hawatapata kitu ya maana. Lakini wewe uko hai, unajigawa mwenyewe. Hiyo ndio imenishinda." Akakifunga kidole kwa kitambaa kisafi, akainuka, akatafuta kikombe chake rafuni, mahali kilipokuwa kimekaa tangu siku ile. Akanipa. "Mama, mtoto ana kiu."

Nilimpikia chai kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi niliyavumilia maziwa mpaka yakachemka.

Asubuhi iliyofuata Karanja alikuwa anakamua. Koti lake lilining'inia kwenye nguzo ya zizi. Niliutia ule ufunguo mfukoni mwa koti ukagonga sarafu, akausikia. Hakuinua kichwa, maziwa yakaendelea kulia ndooni.

"Clinic ni siku gani?"

"Wiki ijayo."

"Nitaambia Ndegwa."

Tulipatana hivi, ingawa hakuna aliyesema kwamba tunapatana: nikitoka kwenye dawa, ufunguo unatolewa, nachagua gauni moja, sanduku linafungwa tena. Hakuna dawa, hakuna gauni. Sijui kama ni upendo au ni ukaidi, kwa Karanja vitu hivyo huvaa koti moja. Kingo niliendelea kuzifunga. Nilikuwa nimekubali kurudi hospitali, lakini nilikuwa bado sijaamini.

Damu ilipanda, dawa ya nne ikaingia. Nilipokwenda kwa ya tano, baridi ya mwezi wa saba imeshika, nilikuta leso ya maua imetandikwa kwenye benchi letu, na kando yake kofia ya sufi.

"Umechelewa," Mama Chebet akasema. "Watu wa Dundori hata kuugua hamuwezi fika na saa."

Nilimkumbatia nikalia mpaka akanisukuma. Kumbe damu yake nayo ilikuwa imeshuka, wakambadilishia siku. Majuma yale yote nilikuwa nimemzika bure. Huo ni ushauri wangu mwingine kwako: kiti kitupu usikifasiri. Uliza, na kama hakuna wa kumwuliza, ngoja.

Dawa ya sita ikaisha, na upasuaji ukaja viazi vipya vikiwa vinachanua. Kabla ya kwenda, kwa maelekezo ya Mama Chebet, nilishona kifuko chenye kamba ya shingoni cha kubebea ile chupa ya kukusanya maji ya kidonda wanayokuachia ubavuni. Kifuko hicho kilinifaa kuliko mananasi yote. Sitakuambia kwamba kujitazama mara ya kwanza ni rahisi. Niliomba Wambui ashike kioo, akakishika na machozi yakimteremka, mkono wake haukutikisika. Baada ya hapo palikuwa na kazi ya kupandisha vidole ukutani kila siku ili bega lisigande. Karanja alitia alama kwa makaa pale nilipofikia. Ukuta wa sebule yetu una alama hizo mpaka leo na hakuna anayeruhusiwa kuzifuta.

Kisha tukangoja majibu ya kile walichotoa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kungoja kwa mwanzo kulikuwa kucheza. Simu ilipoita, sauti ya upande ule ilisema majibu yako tayari, na "uje na mtu."

Kila mgonjwa anajua "uje na mtu" ni nini. Nilikaa chini kwenye kizingiti. Karanja akasema tunaenda wote, na akamaanisha wote: yeye na koti la harusi, Wambui aliyeomba ruhusa kazini, na Shosho na fimbo yake na sweta ya kijani. Tulipoingia, daktari aliinua macho akatuhesabu.

"Nilisema mje na mtu," akasema. "Sio ukoo."

Hakuna aliyecheka. Aliona nyuso zetu, akaweka kalamu chini haraka. Mtu alihitajika, akasema, kwa sababu ya maelezo ya mionzi itakayofuata, ni mengi na mgonjwa peke yake husahau. Lakini dawa ilifanya kazi, na upasuaji haukuacha kitu wanachokiona.

"Kwa hivyo atapona?" Karanja akauliza, swali lile lile, sauti ile ile.

Daktari alifikiri kabla ya kujibu. Namheshimu kwa hilo. "Leo yuko sawa, mzee. Tutaendelea kumuangalia."

"Leo inatosha," Karanja akasema, na akaketi kwenye kiti ambacho hakupewa.

Baada ya mionzi, kiangazi kingine kilipoingia, Shosho alikuja asubuhi moja na kikombe mkono mmoja na wembe mkono wa pili. Vile vipande sita vilikuwa vimepangwa juu ya sanduku la bati, kila kimoja kimefungwa kwa kingo zake.

"Na hizi zitakaa hivi mpaka lini?"

Nilimweleza kwamba haviwezi kuunganishwa. Nimefunga pande zote, itabidi kila mshono wa ukingo ufumuliwe kwanza, na mkono wangu wa kushoto bado hauna nguvu.

"Si ndio nimekuja na wembe?"

Aliketi mlangoni penye jua akafumua. Macho yake ni ya mbali tu, kwa hiyo alishika kila kipande kwa urefu wa mkono na kukata uzi mmoja mmoja, akilalamika kwamba nilishona kama mtu anayeogopa wezi. Nilikaa kando yake nikizitoa nyuzi.

Kingo zilipokuwa wazi zote, palihitajika kitambaa kirefu cha kupitisha kati ya kipande na kipande, mbele na nyuma, ili zishikane. Nililifungua sanduku, na ufunguo sasa unakaa kwenye bakuli la sukari. Hapakuwa na gauni lenye urefu wa kutosha. Shosho akainuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na gauni la buluu, jipya, lingali kwenye mfuko wa plastiki na dawa ya nondo.

Nililijua. Sote tulilijua gauni hilo. Alilinunua miaka iliyopita na kutuonyesha lilipo, akisema tusije tukamzika na kitu kingine.

"Shosho, hapana. Hii ni ya..."

"Najua ni ya nini. Kata."

Nilikata. Mkasi ulipita kwenye kitambaa kile kwa sauti nzuri.

Blanketi likawa zito. Mguu wangu bado hausikii pedali vizuri, na bega halikuweza kuubeba uzito wote ule, basi Karanja akatolewa shambani. Alipiga magoti chini ya meza, mkono wake mmoja kwenye pedali, bega lake chini ya blanketi, na mimi nikimwongoza kama tunavyoongoza lori la viazi likirudi nyuma: "Kuja, kuja, kuja... hapo! Simama!" Mishono ile si mizuri. Ukija kwangu utaona mahali alipopitiliza.

Lilipokwisha tulilitandaza kitandani. Wambui alikuwepo, akasimama upande mmoja, Karanja upande wa pili, Shosho miguuni, na mimi nikagundua kwamba kitanda changu kimezungukwa na watu. Nikalipanda, nikajilaza katikati yake na viatu vyangu.

"Basi," Shosho akasema, akijifunga vizuri ile sweta ya kijani. "Sasa sina nguo ya kufa nayo. Itabidi ningoje."